Taja Watoto Wako Wote

Leo nataka tuzungumzie jambo linalogusa nyumba nyingi za kwetu: ndugu aliye ng'ambo kumdhamini ndugu aliyebaki nyumbani ili apate makazi ya kudumu. Nitashika nchi moja tu, Kanada, kwa sababu kila nchi ina sheria zake, na mtu anayechanganya habari za Kanada na za Marekani alizosimuliwa na jirani hujikuta amepoteza miaka.

Nitasema mengi, lakini shabaha yangu ni moja, na nitaitaja mapema ili hata anayeondoka sasa hivi kwenda sokoni aondoke nayo. Siku ya kujaza fomu za kuhamia Kanada, taja watoto wako wote. Wa ndani ya ndoa na wa nje, anayesafiri na anayebaki, unayeishi naye na yule ambaye hujamwona tangu azaliwe. Wote.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya uhamiaji inayotumika Kanada ilianza kufanya kazi Juni 2002. Anayetaka kudhamini lazima awe ametimiza miaka 18, awe raia au mkaazi wa kudumu, na kama ni mkaazi wa kudumu basi awe anaishi Kanada kwenyewe. Asiwe anaishi kwa msaada wa serikali wa kujikimu, isipokuwa kama anaupata kwa sababu ya ulemavu. Wengi hudhani ni lazima uwe na mshahara mkubwa. Kwa kawaida sivyo. Kumdhamini mke, mume au mtoto wako hakuna kiwango cha kipato kilichowekwa, na kijana anayefanya usafi hospitalini usiku ana haki ya kumleta mkewe kama aliyonayo daktari wa hospitali hiyohiyo.

Wanaoruhusiwa na sheria kudhaminiwa ni wachache. Ni mke au mume, mwenzi mliyeishi pamoja kama mke na mume kwa mwaka mmoja au zaidi, mtoto aliye chini ya miaka 22 ambaye hajaoa wala kuolewa, wazazi, na babu na bibi. Kaka au dada hayumo, ila akiwa yatima wa baba na mama, hajafika miaka 18 na hajaoa wala kuolewa. Binamu, shangazi na mjomba hawamo kabisa, isipokuwa kwa mdhamini aliye mkiwa kwelikweli, asiye na mke, mtoto wala mzazi wa kumdhamini, wala ndugu yeyote mwenye makazi Kanada. Huyo huruhusiwa kumwita ndugu mmoja.

Hapa ndipo familia yetu na familia ya fomu zinapoachana. Kwetu mtoto wa kaka yangu ni mwanangu. Nimemlea tangu alipoachishwa ziwa, nimemlipia ada, nimemkalisha na wanangu kwenye sahani moja, na ananiita baba bila kusitasita. Fomu haiulizi nani alimlea. Inauliza nani alimzaa, au ni mahakama gani ilimkabidhi kwako kwa kumwasili kisheria. Hata ulezi wa Kiislamu, ambao ni ibada kubwa, hauhesabiki peke yake kuwa ni kumwasili mtoto, kwa sababu haukati uhusiano wake na wazazi waliomzaa.

Kutokana na tofauti hiyo, watu wengi wema huingia katika uongo. Mtu anamwandika mtoto wa kaka yake kuwa ni wa kumzaa mwenyewe, moyoni akiamini hajadanganya, maana nyumbani kwake huo ndio ukweli. Wakimbizi wa Kongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, au Kakuma nchini Kenya, wanalijua hili vizuri. Katika kukimbia vita, mtoto wa marehemu dada anaandikishwa pamoja na watoto wa nyumba, na miaka inapita bila mtu kuuliza. Kisha ofisa anaomba kipimo cha vinasaba, majibu yanatoka, na familia nzima inaonekana waongo. Mkimbizi aliye katika hali hiyo aseme waziwazi tangu mwanzo: huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu, ninamlea, hana mtu mwingine. Utaratibu wa wakimbizi una nafasi ya kumsikiliza mtu anayesema hivyo. Lakini uongo ukigunduliwa adhabu yake ni kali: tangu mwaka 2014, anayepatikana ametoa taarifa za uongo au ameficha jambo la msingi hufungiwa mlango wa Kanada kwa miaka 5. Awali ilikuwa miaka 2.

Niguse na ndoa, kwa sababu hapa watu wetu wanajikwaa bila kudhamiria ubaya. Bwana harusi yuko Calgary, bibi harusi yuko Tanga. Posa imepokewa, mahari yamelipwa, bwana harusi amemweka wakala, kadhi amefungisha ndoa, wageni wamekula biriani. Mbele ya dini mambo yametimia. Lakini tangu Juni 2015 kanuni za Kanada hazimkubali mume au mke aliyeozwa kwa wakala, kwa simu au kwa intaneti. Isipokuwa kwa wanajeshi wao walio kazini, wote wawili lazima wawe wamehudhuria kwa miili yao. Kwa hiyo, kijana uliye Calgary, kabla hujatuma pesa ya shughuli, tafuta kwanza nauli ya kwenda mwenyewe. Na kwa wenye mitala, Kanada humtambua mke wa kwanza tu. Wa pili hawezi kudhaminiwa kama mke hata kama ndoa yake ina cheti halali cha serikali ya kwao. Ni jambo gumu kwa wake hao, na ni bora walijue mapema kuliko kuambiwa "mwakani nitakuita" miaka kumi mfululizo.

Sasa nirudi kwenye shabaha yangu.

Katika kanuni za Kanada kuna kifungu, cha 117, kinachosema hivi kwa maana yake: mtu akiomba makazi ya kudumu, na wakati huo ana mke, mume au mtoto ambaye hakumtaja na ambaye kwa hiyo hakukaguliwa, basi mtu huyo aliyeachwa hawezi kudhaminiwa naye kama ndugu wa familia. Kifungu hakikuweka muda wa kumalizika kwa katazo hilo. Hata ukae Kanada miaka 20, upate uraia na ununue nyumba, ukimwandikia yule mtoto ombi la kumdhamini, jibu ni kwamba huyu si wa familia yako kwa mujibu wa sheria. Kipimo cha vinasaba kinaweza kuthibitisha kwa uhakika kwamba ni damu yako, na bado jibu likabaki lilelile.

Kukaguliwa maana yake ni kupimwa afya na daktari aliyeteuliwa na serikali ya Kanada na kuchunguzwa kama wengine, hata kama mtoto hasafiri. Wengi hawalijui hili. Wanadhani fomu inauliza habari za wanaosafiri peke yao. Baba anajisemea: huyu anakaa na mama yake Morogoro, haji nami, nimwandike wa nini? Kwa kutomwandika, amemfungia.

Na si watoto tu. Chukua kijana aliyeombewa makazi na wazazi wake akiwa hana mke. Viza imetoka, tiketi imekatwa, na wazee wanasema usiondoke hivihivi, tukuoze kwanza. Anaoa Ijumaa, anaruka Jumapili. Uwanjani Toronto ofisa anamuuliza kama kuna mabadiliko yoyote katika hali yake ya ndoa, naye, kwa kuogopa kurudishwa, anajibu hakuna. Mke aliyebaki nyumbani ameachwa nje ya familia kwa neno hilo moja. Vivyo hivyo mtoto akizaliwa baada ya viza kutoka na kabla ya kutua, lazima atajwe kabla ya kutua.

Kwa nini watu hawataji? Sababu ninazozisikia ni za kibinadamu kabisa. Mwanamume ana mtoto wa nje na mkewe hajui, na fomu wanazijaza pamoja mezani. Msichana alizaa akiwa shuleni, mtoto akalelewa na bibi kama mdogo wake, na ukoo mzima umekubaliana kulinda heshima. Mkimbizi hajui kama mtoto waliyepotezana njiani yu hai, na kumwandika kunamuuma kama kumzika. Mwingine ameshauriwa na dalali wa makaratasi kwamba watoto wengi hupunguza nafasi ya kukubaliwa. Dalali huyo kesho hapokei simu.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Katika jambo hili, anayeficha aliyekwisha kumzaa humpokonya mtoto haki ambayo mtoto mwenyewe hakuwahi kuulizwa kama anaikubali au anaikataa. Mzazi ameandika, mzazi ametia saini, na anayebeba adhabu ni mtoto wa miaka minne ambaye hata kalamu hajajua kushika. Mke anayeambiwa leo kuwa kuna mtoto wa nje ataumia, na ana haki ya kukasirika. Lakini hasira ya watu wazima wawili hupata suluhu, iwe kwa msamaha au kwa kuachana. Mtoto aliyefungiwa kwa kifungu cha 117 hana suluhu ya nyumbani. Suluhu yake imo mikononi mwa ofisa asiyemjua.

Mahakama zimeshaulizwa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Kanada ilisikiliza kesi ya mama mmoja kutoka Ufilipino aliyeingia Kanada akiwa amemtaja binti yake na kuwaacha wanawe wawili wa kiume bila kuwataja. Alipotaka kuwaita baadaye, alikataliwa, na mahakama ikasema kanuni ni halali. Kilichobaki kwa watu wa aina hiyo ni ombi la huruma, yaani kumwomba ofisa atumie uwezo wake wa kusamehe kwa misingi ya utu na kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Ni njia ndefu isiyo na hakika.

Septemba 2019 serikali ya Kanada ilifungua mlango mdogo kwa utaratibu maalumu. Wakimbizi waliopewa makazi, watu waliopewa hifadhi ndani ya Kanada, na wale waliodhaminiwa kama mke, mume, mwenzi au mtoto, waliruhusiwa kuwaombea ndugu ambao hawakutajwa, alimradi kuwataja wakati ule kusingewanyima wao wenyewe sifa za kuingia. Utaratibu huo uliwekwa kwa muda na umewahi kuongezewa muda, kwa hiyo atakayeutegemea aulize kwanza kama bado upo siku anapoomba. Na waliokuja kwa njia ya ujuzi wa kazi hawamo ndani yake.

Naamini kifungu kile ni kibaya na kinapaswa kuondolewa. Serikali ina haki ya kumwadhibu mtu mzima aliyesema uongo, na tayari ina sheria nyingine ya kufanya hivyo. Haina sababu ya haki ya kumtenga mtoto na mzazi wake kwa kosa ambalo mtoto hakulitenda. Baraza la Wakimbizi la Kanada limelisema hili kwa miaka mingi, na mwaka 2009 lilitoa ripoti nzima kuhusu ucheleweshaji katika ofisi ya viza ya Nairobi, ofisi iliyobeba maombi ya nchi nyingi za ukanda wetu. Lakini wakati wanaopigania mabadiliko wakiendelea kupigania, mtoto wako anakua. Usisubiri sheria irekebishwe. Mtaje.

Na kama mzazi mwenzako anakataa mtoto asipelekwe kwa daktari? Bado mtaje, kisha mweleze ofisa kwa maandishi kwa nini hakuweza kupimwa, ukiambatanisha ushahidi wa juhudi zako. Kama ulishatuma fomu na ukasahau au ukaogopa, na bado hujatua Kanada, andika leo kusahihisha. Baada ya kutua, umechelewa. Mkimbizi naye akumbuke kwamba ndugu aliowataja lakini wakabaki nyuma anaweza kuwaombea kwa njia nyepesi zaidi ndani ya mwaka mmoja tangu afike Kanada. Mwaka huo hupita haraka kwa mtu anayejifunza lugha, baridi na kazi mpya kwa pamoja, na ukipita, itabidi afuate njia ya kawaida ya udhamini.

Tukiwa tumewataja wote, tuitazame ahadi yenyewe. Mdhamini hutia saini kwamba atamtunza mdhaminiwa kwa chakula, mavazi, malazi na mahitaji ya afya yasiyolipiwa na umma. Kwa mke au mume ahadi ni miaka 3 tangu siku anapopata makazi ya kudumu. Kwa mtoto ni miaka 10, au mpaka afike miaka 25, lolote litakalotangulia. Kwa wazazi ni miaka 20. Mkoa wa Quebec una utaratibu wake, na huko ahadi ya wazazi ni miaka 10. Mdhaminiwa akichukua msaada wa serikali wa kujikimu katika kipindi hicho, serikali humdai mdhamini. Kuachana hakufuti ahadi, wala kupoteza kazi hakuifuti. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya kundi la wadhamini wa Ontario, ilisema serikali inaweza kukubaliana na mdaiwa namna na wakati wa kulipa, na lazima imsikilize kwanza, lakini deni ni deni.

Ninyi mnaowapigia simu ndugu zenu mkidai wawaite upesi, lisikieni hilo. Anayesita hakuwasahau, huenda anapiga hesabu ya miaka 20.

Nanyi wadhamini, ahadi ile mmeiweka kwa serikali. Msiigeuze fimbo ya kumchapia mliyemleta. Kuna wanawake wa kwetu wanaoambiwa kila siku: mimi ndiye niliyekuleta, nikipiga simu moja unarudishwa. Dada yangu unayesikiliza, kama umeshapata makazi ya kudumu, hayo ni yako. Mumeo hawezi kuyafuta kwa simu, na kumwacha mume anayekupiga hakukuondolei makazi yako. Kati ya mwaka 2012 na 2017 kulikuwa na sharti kwa wanandoa wapya kuishi pamoja miaka miwili ndipo makazi yakamilike. Liliondolewa, na sababu mojawapo ilikuwa hofu kwamba linawafunga watu kwa wenzi wanaowatesa. Na kama unateswa kabla makazi hayajatoka, kipo kibali cha muda kwa ajili ya waathirika wa ukatili wa nyumbani, kinachoombwa bila ada. Uliza kituo cha wahamiaji kilicho karibu nawe, au wakili wa msaada wa kisheria.

Kuhusu wazazi, msiwape matumaini yasiyo na msingi. Mdhamini lazima aonyeshe kipato cha miaka mitatu kilicho juu ya kiwango kilichowekwa, na zaidi ya hapo lazima aalikwe kuomba. Kuanzia 2021 hadi 2025 mialiko ilitolewa kwa waliojiandikisha mwaka 2020. Kwa wengi, njia iliyo karibu ni viza ya muda mrefu ya wazazi, ambayo tangu Julai 2022 humruhusu mama kukaa hadi miaka 5 kila anapoingia, akiwa na bima ya afya. Hayo si makazi ya kudumu, lakini wajukuu watamjua bibi yao.

Mwisho, vyeti. Mtoto asajiliwe anapozaliwa, sio anapotakiwa na ubalozi. Cheti kilichotolewa wiki moja kabla ya ombi, kwa mtoto wa miaka 17, kitaulizwa maswali. Majina nayo yaelezwe: kwetu jina la kwanza la baba huwa jina la pili la mtoto, hivyo baba na mtoto hawafanani jina la mwisho, na ofisa asiyejua desturi hiyo huona watu wasio na uhusiano. Barua fupi ya maelezo inaokoa miezi. Tunza picha za pamoja, risiti za pesa ulizomtumia mtoto na rekodi za simu. Mtoto uliyemlea kwa mbali awe na alama katika maisha yako, nawe katika yake.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni la vitendo. Kabla ya fomu, kaeni kikao cha familia, cha watu wanaohusika peke yao, na muandike orodha ya kila mtoto wa kila mmoja. Lenye kuuma lisemwe hapo, mbele ya watu wanaopendana, kabla halijaulizwa na mtu wa serikali. Anayeogopa kusema peke yake amtafute shangazi, imamu au mchungaji amsindikize. Kikao hicho kitakuwa kigumu, huenda kikavunjika na kuitishwa tena. Kiitisheni tena. Kwenye fomu kuna nafasi ya kila mtoto, na ikijaa, karatasi ya ziada inaruhusiwa.